Bibi Aliyekufa kwa Waraka Namba Tisa

Nchi ya Kwetupazuri haionekani katika ramani yoyote, na wenyewe hawaoni ajabu. Ofisi yao ya Ramani ilihamishiwa jengo jipya miaka kumi na mmoja iliyopita, na mpaka leo hajatokea mtu wa kuonyesha jengo lenyewe liko wapi. Ukiliacha hilo, mambo yote yanakwenda vizuri. Redio ya taifa husema hivyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na aliyewahi kubisha sijamsikia.

Katika nchi hiyo aliishi Mfaume Kilindo, karani wa daraja la tatu katika Idara ya Kuwahi. Kazi ya Idara ya Kuwahi ni kuwafundisha wananchi kufika wanakokwenda kwa wakati. Mkurugenzi wake, Bwana Makungu Chogwe, aliingia ofisini saa tano, na siku alizojisikia mzito aliingia saa sita, kwa maelezo kwamba mtu anayeusimamia wakati hawezi tena kusimamiwa nao. Wadogo walitakiwa wawe wameketi saa moja na nusu kamili.

Mfaume aliishi nje ya mji na bibi yake, Bi Siwatu, mama wa mama yake, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Miguu ya Bi Siwatu ilikuwa imegoma, kwa hiyo dunia yake ilibaki kibaraza, redio, na habari za njiani alizoletewa na mjukuu wake kila jioni. “Haya, mume wangu,” alikuwa akimwambia kwa utani wao, kabla hata hajavua viatu, “leo barabara imezaa nini?” Naye Mfaume humsimulia, na bibi hucheka mpaka akashika ubavu. Barabara yenyewe ilikuwa ya kilomita kumi na nne, na Mfaume aliipita kila asubuhi kwa gari dogo la kijani ambalo lilikuwa limeshapita umri wa kuitwa gari.

Hizo kilomita kumi na nne ndizo zilizomponza.

*

Ilianza na taa. Kwetupazuri ina taa moja ya kuongozea magari inayowaka. Kwa kuwa ni moja, huzinduliwa kwa zamu: Jumatatu Waziri wa Barabara anakata utepe kwenye kipilefti cha kaskazini, pale magari yanapozunguka, watu wanapiga makofi, taa inang'olewa, inapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa kipilefti cha kusini ikazinduliwe Jumanne. Nyuma ya pikapu husimamishwa wima na kuunganishwa na betri, maana Waziri hapendi kukuta taa imelala.

Jumanne moja Mfaume alijikuta nyuma ya pikapu hiyo. Taa ikawaka nyekundu huku inakwenda. Mfaume akacheka, akaendelea na safari yake. Hakufika mbali. Askari wa trafiki aliyekuwa kichakani alitoka na kumsimamisha.

“Hukuona nyekundu?”

“Nimeiona, afande. Lakini si iko juu ya gari?”

“Sheria inasema nyekundu, simama. Imesema nyekundu iliyo wapi?”

Mfaume akasimama. Magari ya nyuma nayo yakasimama, na pikapu ikaenda zake na nyekundu yake mpaka ikapotea kwenye kona. Baada ya dakika ishirini, dereva mmoja wa lori akauliza kwa adabu kwamba sasa kijani wataijuaje. Askari akajikuna kisogo. Akamtuma mwenzake kwa pikipiki aifukuze taa, aitazame, arudi na habari. Mwenzake akarudi anahema: “Nilipoifikia ilikuwa kijani. Ila sasa hivi siwezi kuapa.” Akatumwa tena.

Mfaume alifika kazini saa tatu.

Pale mlangoni, nyuma ya meza ya mninga, aliketi Bi Kidawa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Yeye ndiye mtunza Daftari la Wachelewaji. Daftari hilo lilikuwa na nafasi ya jina, ya saa na ya sababu, na sababu zilitawaliwa na Waraka Namba Tisa. Waraka ulizitambua sababu tatu tu. Ya kwanza kikao, lakini hiyo ni ya wakubwa. Ya pili mvua, lakini mpaka itangazwe na serikali, na serikali ilikuwa na mwaka wa nne haijatangaza, ingawa ilinyesha. Ya tatu kufiwa na bibi. Basi watumishi arobaini wa Idara ya Kuwahi walikuwa wamewazika, kwa mwaka uliopita peke yake, bibi mia mbili na sitini, na Mkurugenzi aliwapongeza hadharani kwa ustahimilivu wao.

“Andika bibi,” Bi Kidawa alimnong'oneza.

“Bibi yangu mzima, Bi Kidawa. Asubuhi hii kanipikia uji.”

Akaandika: *Nilisimamishwa na taa iliyokuwa safarini.* Bi Kidawa akashusha pumzi, akagonga muhuri wa SABABU ISIYO RASMI. Mihuri mitatu ya namna hiyo, na mtumishi anahamishiwa kituo cha Mkiani, kilomita mia saba, kazi yake huko ni kuhakikisha jua limechomoza na kuiarifu makao makuu kwa barua.

*

Wiki ya pili ikawa ng'ombe. Idara ya Alama za Barabarani ilikuwa imepewa amri ya kuchora kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya soko, mistari minane myeupe, kabla jua halijawa kali. Mafundi walipofika walimkuta ng'ombe wa maziwa amelala barabarani anacheua. Amri haikusema lolote kuhusu ng'ombe. Wakachora mistari miwili upande huu wa ng'ombe, mitatu juu ya ng'ombe, mitatu upande wa pili, mkaguzi akahesabu, akapata minane, akatia saini.

Ng'ombe akainuka, akaondoka na mistari yake.

Mfaume alipofika sokoni alikuta umati wa watu na vikapu vyao wanamfuata ng'ombe kando ya barabara, kwa kuwa askari alikuwa amekataza mtu kuvuka nje ya mistari, na mistari ya katikati ndiyo ile inayotembea. Ng'ombe alipovuka, walivuka. Aliposimama katikati akakumbuka jambo, walisimama naye. Mama mmoja mwenye kapu la mayai alimbembeleza kwa jina alilompa papo hapo: “Twende basi, Zuhura, twende mwanangu, nimeacha sufuria jikoni.” Magari yalingoja saa nzima na robo.

*Nilimpisha ng'ombe aliyekuwa kivuko,* Mfaume aliandika. Muhuri wa pili.

Jioni hiyo Bi Siwatu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba arudiwe habari ya mama wa mayai mara tatu. Habari za mihuri Mfaume hakumwambia.

*

Kuanzia hapo alitoka nyumbani alfajiri, redio ikiwa bado haijasema kwamba mambo yanakwenda vizuri. Siku nne aliwahi. Siku ya tano, kwenye mteremko wa kiwanda cha sabuni, alikikuta Kikosi cha Washangiliaji wa Taifa, Kanda ya Magharibi, watu mia tatu wenye bendera ndogo, wamejipanga tangu usiku kumngoja Waziri. Waziri alikuwa haonekani, na kiongozi wao, bwana mrefu mwenye filimbi na kipaza sauti, alikuwa na wasiwasi kwamba koo zitapoa.

“Gari!” alipiga kelele. “Lolote! Tufanyie mazoezi!”

Gari dogo la kijani likazingirwa. Vigelegele, ngoma, bendera. Mfaume akapiga honi, wakaidhania salamu. Kiongozi akamweleza dirishani kwamba kwa mujibu wa itifaki, aliyeshangiliwa lazima ahutubie.

Mfaume akasimama kwenye kiti, akatoa kichwa nje. “Ndugu wananchi,” alisema, “naomba kupita.”

“Apite! Apite! Apite!” wakaitikia mia tatu kwa sauti moja, wakaruka, wakacheza, na hakuna hata mmoja aliyesogea, kwa sababu shangwe hufungwa kwa filimbi, na filimbi ilikuwa imeangukia mtaroni. Ilipopatikana ilikuwa saa tatu kasoro.

Bi Kidawa alimwona kwa mbali akija, akavua miwani.

“Mfaume, mwanangu, leo usiniambie kweli. Nakuomba.”

Akamwambia kweli. Bi Kidawa akafunika daftari kwa kiganja.

“Sikiliza. Muhuri huu nikiugonga, Jumatatu uko kwenye lori la kwenda Mkiani. Bibi yako utamwachia nani?”

Mfaume hakuwa na wa kumwachia. Mama yake alifariki zamani, majirani ni watu wema lakini wana miguu ya wazee wao ya kushughulikia. Na Mkiani si mahali pa kumpeleka mtu anayetaka kuketi kibarazani. Huko hata kivuli hupatikana kwa maombi.

“Nakuachia mstari wazi mpaka kesho asubuhi,” alisema Bi Kidawa. “Kamtazame bibi yako, halafu uje uandike.”

*

Jioni hiyo Bi Siwatu alimwona mjukuu wake anavua viatu kabla ya kusalimia, akajua kuna jambo. Alimzungusha maneno kidogo tu, na Mfaume akayatoa yote: Waraka, mihuri, Mkiani, na mstari ulioachwa wazi.

“Kumbe ndiyo hiyo tu?” alisema Bi Siwatu. “Andika nimekufa.”

“Siwezi, Bibi.”

“Huwezi nini? Mama yako, Mungu amrehemu, aliniua mara mbili akiwa shuleni, apate ruhusa ya kwenda ngomani. Nilikufa nikaamka, nikampikia.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme uongo.”

“Nilikufundisha ukiwa huna waraka.” Akamvuta mkono akamketisha. “Ila nina sharti. Uandike nimekufa kwa uzee. Usiandike tumbo. Sitaki watu waseme nilikuwa nakula ovyo.”

Mfaume akacheka huku analia.

Asubuhi akaandika, na Bi Kidawa akampa fomu ya msiba aijaze. Alijaza kila kitu, kwa kuwa hakujua kujaza fomu nusunusu. Marehemu: Siwatu binti Hamadi. Sababu ya kifo: uzee. Mahali pa msiba: nyumba ya kijani, nyuma ya kisima cha zamani, kilomita kumi na nne.

Hapo ndipo alipokosea. Watumishi wote wa Idara ya Kuwahi, tangu ilipoundwa, walijaza nafasi ile kwa maneno mawili: kijijini, mbali. Ilikuwa mara ya kwanza msiba wa Idara kuwa na anwani.

Saa sita Mkurugenzi Chogwe alitoka ofisini mwake akiwa na fomu mkononi na uso wa huzuni rasmi. “Kilomita kumi na nne!” alisema. “Msiba unaofikika! Bi Kidawa, agiza shada. Toeni basi la ofisi. Leo taifa litaona tunavyozika.”

Kuchelewa ni kuhamishwa. Kumfisha mtu aliye hai katika kitabu cha serikali ni kufukuzwa, na pengine kushitakiwa. Bi Siwatu hakuwa na simu. Muda huu alikuwa kibarazani, bila shaka, anachambua mchele.

*

Waliondoka saa saba, watu tisa na shada moja, na kwa mara ya kwanza maishani Mfaume aliiomba barabara imcheleweshe. Barabara haikumwangusha.

Walikuwa hawajamaliza kilomita tatu ikatokea pikapu na taa yake, nyekundu. Askari akatoka kichakani. Mkurugenzi akajitambulisha kwa cheo chote, na askari akampigia saluti nzuri, akamwambia angoje pikipiki irudi. Wakangoja dakika arobaini. Mkurugenzi aliitazama taa ikitokomea, akamtazama Mfaume, akakohoa.

“Bi Kidawa, wewe umeona kitu?”

“Sijaona kitu, Mheshimiwa.”

“Hata mimi.”

Sokoni ng'ombe alikuwa katikati ya barabara na watu sitini nyuma yake. Rangi ilikuwa imeanza kufifia, kwa hiyo mafundi walikuwa wanatembea naye kila mmoja na brashi yake, wanamkarabati. Mkurugenzi akafunga pazia la dirisha lake na kuomba lisifunguliwe mpaka basi litakapotembea. Lilitembea baada ya saa moja.

Kwenye mteremko wa kiwanda cha sabuni, washangiliaji walikuwa bado wapo, wanaendelea kumngoja Waziri wa jana. Walipoliona basi walilipuka. Hapo Mkurugenzi alifungua pazia mwenyewe. Alishuka, akapanda juu ya tofali, akawahutubia kwa dakika hamsini na tano juu ya umuhimu wa kutopoteza muda.

“Mwananchi anayechelewa,” alinguruma, “ni mwananchi ambaye bado hajafika!”

“Hajafika! Hajafika!”

Mfaume alikaa ndani ya basi na shada mapajani, anahesabu nyumba zilizobaki.

Walifika saa kumi na moja jioni. Bi Siwatu alikuwa kibarazani na ungo wake. Aliliona basi, akaliona shada, akauona uso wa mjukuu wake uliokuwa na rangi ya majivu, na mtu yule mzee ambaye miguu imemgomea lakini kichwa hakijawahi kugoma, akaweka ungo chini, akavuta khanga akajitanda mpaka kwenye paji la uso.

“Karibuni msibani,” alisema.

Mkurugenzi akainamisha kichwa. “Pole sana, mama. Wewe ni nani wake marehemu?”

“Mimi? Hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Tumezaliwa siku moja.”

“Masikini! Pacha!” Mkurugenzi akageuka kwa wenzake. Akaomba picha ya marehemu, akaletewa ile ya ukutani. Akaitazama, akamtazama Bi Siwatu, akaitazama tena. “Mlifanana sana.”

“Kila mtu husema hivyo, baba.”

Bi Kidawa, aliyekuwa nyuma, alishikwa na kikohozi kirefu, akaenda kukoholea uani, kisha akarudi.

Mkurugenzi akatoa karatasi yake. “Marehemu Bi Siwatu,” alisoma, “alikuwa mfano wa kuwahi. Katika maisha yake yote hakuchelewa, na hata kifo alikifikia kwa wakati wake.”

“Na alijua kupika,” alisema Bi Siwatu.

“Alijua kupika, kwa wakati.”

“Alimlea mjukuu peke yake.”

Mkurugenzi akaliandika na hilo, akalisoma. Na hapo, katikati ya kichekesho chote kile, Mfaume alishikwa na uchungu wa kweli. Alimsikiliza bibi yake akisemwa kwa “alikuwa”, na neno lile lilimchoma. Hakuwa tena akiogopa kufukuzwa. Aliogopa siku ambayo kibaraza hiki kitakuwa na watu kama hivi na yeye bibi asiwepo wa kuwakaribisha. Akatazama pembeni, akapangusa macho kwa kiganja, na wote wakaona kwamba kijana ana msiba mzito.

Bi Siwatu naye alimwona. Kwa hiyo akakatisha hotuba.

“Lakini wanangu,” alisema, “kuna jambo nataka kuuliza. Fomu imeandikwa asubuhi, nyinyi mnafika jua linataka kuzama. Ofisi yenu si ndiyo ya kuwahi? Mbona mmechelewa hivi?”

Mkurugenzi akafungua kinywa. Taa, ng'ombe, washangiliaji, vyote vilipita usoni mwake, na vyote alikuwa hajaviona. Wenzake nao wakafungua vinywa. Na kwa mazoea ya miaka yote ile, watu wanane wa Idara ya Kuwahi wakajibu kwa pamoja:

“Tulifiwa na bibi.”

Bi Siwatu akajitanda khanga upya.

“Poleni,” alisema Bi Siwatu. “Basi ketini mnywe chai, tuomboleze wote.”

*

Wakanywa chai, wakala vitumbua, na Mkurugenzi akarudi mjini amefurahi, akaandika katika taarifa yake kwamba msiba ulifana na mfiwa alistahimili. Jina la Siwatu binti Hamadi likafungwa rasmi katika faili la marehemu, ambako mpaka leo lipo, na ofisi inayoweza kulifungua iko katika lile jengo jipya.

Asubuhi ya pili yake Mfaume hakutoka alfajiri. Alimngoja bibi yake anywe uji, akambeba mpaka kwenye gari, akamweka kiti cha mbele na mto mgongoni.

“Tunakwenda wapi, mume wangu? Utachelewa.”

“Acha nichelewe. Ukaione mwenyewe barabara.”

Wakaiona. Bi Siwatu aliipigia taa saluti ilipopita. Sokoni aliomba gari lisimame hata pasipo askari, akamwita ng'ombe Zuhura kwa sauti, na ng'ombe akageuka. Kwa washangiliaji alitoa mkono dirishani akawapungia taratibu, na watu mia tatu wakampigia vigelegele ambavyo Waziri hakuwahi kuvipata. Alicheka njia nzima.

Ilikuwa saa tano na robo Mfaume aliposimama mbele ya meza ya mninga. Bi Kidawa akafungua daftari, akachovya muhuri wake kwenye wino.

“Sababu?”

“Bibi.”

“Mzaa baba, au yule yule?”

“Yule yule. Msiba bado unaendelea.”

Nje, chini ya dirisha, honi ya gari dogo la kijani ikalia mara mbili, kisha ya tatu, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja kwenye jua. Bi Kidawa akanyoosha shingo akachungulia. Akarudi kwenye daftari, akaandika yeye mwenyewe kwa herufi nzuri, akagonga muhuri wa SABABU IMEKUBALIWA.

“Haya, wahi basi, Mfaume,” alisema. “Marehemu anapiga honi.”